Jentrix Akila, Ploti Inashiba

Kila Jumamosi saa nane Jentrix alirudi kutoka kiwanda cha mananasi na mikate miwili, mfuko mzima wa mandazi na pakiti ya unga. Alifunga mlango, nyumba namba tano, akavuta pazia, akasonga ugali wa watu sita. Alikula amesimama, haraka, bila kuonja, hata tumbo likimuuma. Akimaliza alificha karatasi za mkate chini ya godoro, akalia kidogo, akaosha sufuria.

Maumivu yalibaki kwake. Shibe ilienda kwa majirani. Mama Khisa wa namba nne alisukuma sahani kando kabla ya kuigusa. Mzee Gachanja, mlinzi wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, alipiga mbweu mara tatu pale langoni.

Ilianza mwaka wa tisini na nne, mama yake Jentrix alipozikwa kwao Malava na msimamizi wa kiwanda akamnyima ruhusa. Mananasi hayangoji mtu, alisema. Huko nyumbani watu wa matanga walikula pamoja. Jentrix alikula peke yake hapa Makongeni, na tangu hapo hakuweza kuacha.

Jumamosi majirani hawakuwasha jiko tena. Mama Khisa alimpelekea mboga ya sukuma mpaka mlangoni.

“Jentrix, leo tia nyama. Meno yangu imesahau.”

“Nataka kuacha, Mama Khisa.”

“Utaacha, dada. Jumatatu.”

Jumamosi moja binamu yake Emmaculate alikuja kutoka Ruiru. Hakungoja kukaribishwa. Alimnawisha mikono, akamkalisha kwenye stuli, akaweka sahani moja katikati yao.

“Siku tulizika mama ulikula nini?”

“Mkate.”

“Na nani?”

Basi Emmaculate akamsimulia mazishi yote: nani alilia, nani alijifanya kuzirai, fahali yupi alichinjwa na ni mjomba yupi aliyeficha maini. Jentrix alicheka, kisha akalia, na matonge yakawa madogo. Hadithi haijafika kaburini akanawa mikono.

“Nimeshiba,” alisema.

Siku hiyo ploti nzima ilishinda njaa. Majiko yalikuwa baridi na hakuna aliyenunua makaa.

“Huyu wa Ruiru atatumaliza,” alisema Mama Khisa. Hakuna aliyebisha.

Jumamosi iliyofuata Emmaculate alifika langoni. Mzee Gachanja alimsalimia vizuri, akamuuliza habari ya watoto, akamwambia Jentrix amesafiri Malava.

“Na hakuniambia, haki?”

“Ilikuwa haraka, mama,” alisema mzee, akamsindikiza hadi steji ya matatu akimbebea kikapu.

Namba tano, Jentrix alikuwa ameweka stuli mbili na sahani moja. Alingoja mpaka maji ya kunawa yakapoa. Kisha akafunga mlango, akavuta pazia. Alikula upande wake akiwa amesimama, halafu akala upande wa Emmaculate.

Namba nne, Mama Khisa alilegeza leso kiunoni.

“Mungu ni mwema,” alisema. “Leo ametia nyama.”