Nusu Kidonge

Kwenye dirisha la dawa la zahanati, binti mmoja ndiye aliyekuwa akichapa lebo. Wagonjwa wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo lebo zake zilikuwa picha: jua ni asubuhi, mwezi ni usiku, duara tupu ni kidonge kizima. Nusu kidonge ilikuwa duara lilelile, ila limepasuliwa katikati kwa mstari mwembamba, na upande mmoja umepakwa rangi hafifu.

Asubuhi hiyo foleni ilifika hadi nje, na printa ilikuwa ikijikongoja.

"Binti yangu, hiyo mashine inachapa au inafuma mkeka?" akauliza dereva wa lori, watu wakacheka.

Binti akaona haya. Akafungua mipangilio ya printa, akaondoa ubora wa juu, akaweka chapa ya haraka, wino kidogo. Lebo zikaanza kuruka kama bisi kwenye sufuria. Foleni ikayeyuka, naye akajipongeza moyoni.

Jua lilipokuwa utosini akafika mama mwenye dawa ya nusu kidonge. Binti akachapa lebo, akaiinua aibandike, mkono ukamgandia hewani. Duara lilikuwa jeupe, tupu. Mstari haupo, rangi haipo. Mashine ilibana wino ikavimeza vyote viwili.

Hapo akakumbuka. Nusu kidonge nyingine alikuwa amemtolea fundi viatu asubuhi ileile, mzee mkavu kama ukuni, dawa ya presha. Na muuguzi alisema mbele yake: kidonge kizima kitamwangusha.

Simu ya mzee iliita mpaka ikakatika. Binti akampigia muuguzi kelele amfuate, lakini hakumngoja. Akatoka mbio, koti la kazi linapepea, kiatu kimoja kikamchomoka njiani asikirudie.

Kibandani kwa fundi kigoda kilikuwa kitupu. Kiatu cha mteja kilikuwa chini, sindano imechomekwa kwenye soli.

"Ameingia ndani kujinyoosha," akasema jirani yake, mchomeleaji. "Eti dunia inamzunguka. Uzee huo."

Binti akaingia ndani. Mzee alikuwa kitandani, jasho jembamba usoni, midomo imepauka. Mkewe alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Bibi, amemeza ngapi?"

"Kimoja, mjukuu wangu. Kama ulivyochora."

Binti akamwinua mzee miguu, akaiweka juu ya mto, akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

"Babu, nisemeshe. Babu, usilale."

Muuguzi akaja akihema, akapima, akatundika dripu kwenye msumari wa ukutani. Wakakaa wakitazama tone baada ya tone. Hatimaye mzee akafumbua jicho moja.

"Nani kafa, mbona mnanikodolea hivyo?"

Binti akaketi sakafuni, analia. "Kosa ni langu, bibi. Nilitaka mashine iende mbio, ikala mstari wa nusu."

Baadaye akarudi na lebo mpya, iliyochapwa polepole, mstari umekoza. Bibi akaisugua kwa kidole gumba, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Na hii nitajuaje kwamba mashine haijala kitu?"

Binti akaomba kisu, akavikata vidonge vyote, kimoja kimoja, na bibi amesimama juu yake, hapepesi jicho.