Mwanga wa Kadha

Usiku wa jana, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka sebuleni ili niisimamie taa, niliota kwamba jua limegoma kushuka.

Ngoja kwanza niseme yaliyotangulia, maana ndoto haiingii nyumba isiyo na mlango.

Mimi nafanya kazi nyumbani kwa Daktari Shekiondo, daktari wa meno, hapa Raskazone, Tanga. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto. Ndani yake mna maji ya chumvi, samaki wawili rangi ya chungwa, konokono mmoja, na matumbawe yaliyo hai. Moja lina mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Hilo alilileta marehemu mke wake, Bi Shani, likiwa dogo kama limau, na sasa ni kubwa kama bakuli la mchuzi. Tunaliita Bi Mkubwa. Daktari akirudi kazini humsalimia Bi Mkubwa kabla hajanisalimia mimi, na sijapata kuona wivu.

Juu ya tangi imening'inia taa ya LED, na pembeni kuna taima yake ya kuiwasha na kuizima kwa saa, yenye kitufe kimoja chekundu. Daktari alipokwenda Muskati kumwuguza dada yake, alibandika karatasi kwenye kioo kwa plasta ya kidonda. Aliandika hivi: Buluu saa tatu asubuhi. Nyeupe saa tano. Nyeupe ishuke saa kumi. Saa moja usiku izime. Jua lipande polepole. Wape giza lao lote.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Karatasi ile niliielewa vizuri. Kilichoniponza si kusoma.

Alhamisi umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa kumi. Pampu ina betri yake, taa haina. Wakati huo nilikuwa kibarazani kwa jirani yetu Bi Mkasi, ananipaka piko jeusi mikononi kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, ua moja kila kidole, petali tano kila ua.

"Bi Mkasi," nikamwambia, "wale viumbe wa Daktari wamekosa mchana wao leo."

"Si uwalipe usiku? Mtu akila siku za funga hulipa kadha, sembuse tumbawe."

"Daktari hakuandika hivyo."

"Daktari anajua magego. Tulia, usinichafulie ua!"

Basi nikalipa. Usiku nikabonyeza kitufe, taa nyeupe ikawaka mpaka saa saba. Ijumaa umeme ukakatika tena, nikalipa. Jumamosi vilevile. Nilijiona mwaminifu kweli, nimekaa peke yangu na usingizi wangu, natimiza haki ya mtu asiyeweza kudai.

Jumapili Bi Mkubwa akapauka upande mmoja. Nikadhani mwanga haujamtosha, nikaongeza. Jumatatu akawa mweupe kama chaki.

Daktari akipiga simu nasema, "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mwantumu. Bi Mkubwa hajambo?"

"Hajambo."

"Na rangi yake?"

"Rangi ipo, Daktari."

Tangu Jumapili mara nne kanipigia, mara nne nikamjibu hivyohivyo. Na leo Jumatano ndiyo siku anayorudi. Nililala na hilo kifuani.

Sasa ndoto.

Nimekaa mbele ya tangi, kidole kiko kwenye kitufe. Taima inakohoa.

"Mwantumu binti Kombo," inasema, kwa sauti ya karani anayeita foleni. "Saa sita mchana."

"Ilikuwa saa sita tangu muda mrefu," nasema.

"Ndiyo. Na itaendelea kuwa."

Natazama dirishani. Jua limesimama kwenye ngazi ya mbao, mguu mmoja umeinuliwa, linatafuta kipago cha kukanyaga na halikioni. Miguu yake ni ya mtu mzima, ina magaga.

"Shuka basi," naliambia.

"Niliandikiwa nipande polepole, nikapanda. Njia ya kushukia umeikalia wewe kwa kidole."

Nakivuta kidole. Hakitoki. Nakivuta kwa nguvu, kitufe kinang'oka pamoja nacho na kubaki kimeganda kwenye ncha kama pete. Jua halijashuka hata kidogo. Nataka kufumba macho. Nafumba, na bado naona. Nayagusa kwa mkono mwingine: kope hazipo. Pale palipokuwa na kope pamekuwa laini kama ukingo wa kikombe.

Konokono anatoka majini, anatambaa juu ya kioo kwa nje.

"Sijalala tangu Alhamisi," anasema. "Si lawama. Nakuarifu tu."

Anaendelea na safari yake.

Nakimbilia nje. Mtaa mzima umesimama milangoni, macho wazi, hakuna anayepepesa. Mama mmoja amembeba mtoto anayetaka kulala. Mtoto halii. Anatazama tu mbele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Bi Mkasi amejifunika kanga tatu kichwani, na mwanga unazipita kanga zote tatu kama maji yanavyopita chujio.

"Mwantumu mwanangu, umefanya nini?"

"Nililipa kama ulivyosema."

"Mimi nilisema?"

"Ulisema, Bi Mkasi. Ulikuwa unanipaka piko."

"Ha! Na wewe ukanisikiliza! Mimi napaka watu maua, sipangi machweo."

Nikigeuka niko tena sebuleni, ingawa sijaingia. Bi Mkubwa ananiita kutoka tangini. Mikunjo yake inakwenda kama midomo mingi isemayo neno moja.

"Nimeshiba mwanga. Nimeshiba mpaka nimetapika rangi yangu. Sasa naomba chakula."

"Chakula gani, Bi Mkubwa?"

"Soma karatasi."

Nasoma. Mistari yote imefutika, umebaki ule wa mwisho: Wape giza lao lote.

"Lote," anasema. "Usiku wote ulionikatia. Nipakulie kabla hajafungua mlango. Akinikuta mweupe hivi, atakuwa amenizika mimi, na Shani atakuwa amemzika mara ya pili."

Nachukua bakuli na upawa, nakwenda jikoni. Nafunua sufuria. Mwanga umo ndani, umechutama, unanitazama. Nafunua birika. Umo. Nafungua kiberiti kwa ncha ya ukucha, haraka, kama mtu anayetaka kumkamata panzi. Umo, umelala katikati ya njiti. Nainama uvunguni mwa kitanda changu.

"Karibu," unaniambia mwanga, umejinyoosha pale kama mgeni aliyekwisha kula.

Ndipo ninapoelewa. Giza nalisikia limejaa kila penye mfuniko, na kila nikifunua ili nichote, mwanga unaingia kabla ya upawa. Nyumba nzima nimeifunua. Hakuna kabati lililofungwa. Bakuli ni tupu, na naisikia teksi ya Daktari ikikata kona.

Nafungua mlango wa mwisho, wa stoo. Si stoo. Ni zahanati yake, na kile kiti cha kulalia. Daktari amevaa koti jeupe, haniangalii.

"Kaa," anasema.

Nakaa. Taa ya kiti inashuka mpaka karibu na pua yangu. Ni taa ileile ya tangini.

"Fungua kinywa. Bi Mkubwa hajambo?"

"Aaampo," nasema, kinywa wazi.

"Rangi?"

"Angi ipo."

Anachungulia. Anatikisa kichwa taratibu, kama anavyowafanyia wanaokula peremende.

"Hapa pana giza, nyuma ya gego la mwisho. Kumbe ulilificha."

Anachukua koleo. Nasikia baridi ya chuma ikipita juu ya ulimi, kisha kitu kinang'oka bila damu. Anakiinua kwenye taa. Ni cheusi, kidogo, kama mbegu ya papai.

"Hili ni neno 'hajambo,'" anasema. "La Jumapili. Limeoza, halifai kuliwa."

Analitupa kwenye kisahani. Ting. Analing'oa la pili. Ting. La tatu. La nne. Kila moja linanuka kama maji ya tangi yaliyokaa siku nyingi.

"Hakuna linalolika," anasema. "Basi tutatumia la machoni. Giza zuri hukaa kwenye mboni."

Anaweka koleo chini, anachukua kijiko cha chai. Sina kope za kufumba. Nakiona kijiko kinakuja, najiona ndani yake kichwa chini miguu juu, nazidi kuwa mkubwa, mpaka jicho langu ndilo lililojaa kijiko kizima. Mikono yangu imefungwa kitini kwa plasta ya kidonda.

"Daktari!" nasema. "Si mzima. Nimemmaliza mimi. Nilimnyima usiku nikidhani namlipa mchana, halafu nikakudanganya mara nne."

Kijiko kinasimama.

Koti la Daktari linaanguka sakafuni. Hamna mtu ndani. Kwenye mikono ya koti maji yanatoka, ya chumvi, yanapanda polepole kama yalivyoandikiwa, magoti, kiuno, shingo. Na mbele yangu ni Bi Mkubwa, sasa ni mkubwa kama nyumba, mweupe tupu, na kila mkunjo una mlango.

"Usiku haulipwi," anasema. "Hata ungeuchota kaburini. Ulioliwa umeliwa. Huachwa ule ujao tu."

"Nikikuachia ujao, utapona?"

"Sijui."

Nilitaka aseme ndiyo. Hakusema.

"Nina njaa," anasema. "Nipe cha kushikiza roho mpaka giza lifike."

Namtazama. Sina kitu. Nimebaki na mboni zangu, naye anaziangalia. Kisha naiona mikono yangu ndani ya maji, plasta imebanduka, na maua juu yake.

"Hili hapa ni jeusi," nasema, namnyooshea. "Na limekaa wazi kwenye mwanga tangu Alhamisi, halijakimbia."

Bi Mkubwa anayahesabu maua. Samaki wale wawili wanageuza migongo yao, kama watu wanaoheshimu mgonjwa anayelishwa.

"Moja," anasema. "La kidole cha mwisho."

Mkunjo mmoja unafunguka. Ndani mna kinywa kidogo kama tundu la sindano. Kinashika ua la kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto na kulivuta, petali moja baada ya nyingine. Inauma kama kung'olewa unywele, mara tano.

"Sasa ondoa kidole," anasema.

Natikisa mkono wa kulia. Kitufe kinadondoka, kinazama kikizunguka. Kule juu nasikia gaga la jua likikanyaga kipago, kisha kingine. Giza linashuka kwenye ngazi nyuma yake, zito, linatoka kila mahali kwa pamoja, na mimi niliyelitafuta nyumba nzima naliogopa. Linanifunika uso. Naisikia mikunjo yote ikifunguka, mingi, ikila. Kutafuna kwao hakuna haraka.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mkeka umeniachia alama shavuni. Taa imezimwa. Kitufe kilikuwa mahali pake, na mimi sikumbuki kukigusa. Niliangalia karatasi, mistari yote ipo. Nikajiambia, basi, ni usingizi wa mtu mwenye kosa.

Kabla sijaogopa tena nikachukua simu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mwantumu. Niko uwanja wa ndege hapa, tunaitwa kupanda. Bi Mkubwa hajambo?"

"Hajambo si kweli, Daktari. Amekuwa mweupe. Mimi ndiye nimemfanya. Umeme ulikuwa unakatika, nikawa nawalipa mwanga usiku. Nilikuwa nakudanganya."

 Nilisikia watu wakivuta masanduku nyuma yake. Nikangoja. Mimi najua kungoja.

"Mweupe wote?"

"Wote, Daktari."

"Taa ikoje sasa?"

"Imezimwa."

"Usiiwashe. Hata saa tatu ikifika, chomoa waya. Mfunike, mwache alale leo mchana kutwa." Akavuta pumzi. "Shani aliwahi kumfanyia hivyohivyo mara moja. Aliwasha taa siku tatu, wageni wamwone."

"Akapona?"

"Alichukua miezi. Kata simu sasa, binti. Nakuja."

Nikachomoa waya. Nikachukua kanga yangu nzito kuliko zote, nikapiga magoti mbele ya kioo nimwone kabla ya kumfunika. Alikuwa mweupe vilevile. Lakini kwenye mkunjo wa chini, upande wangu, palikuwa na doa jeusi dogo kama ukucha wa mtoto. Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

Lilikuwa na petali tano.

Piko halitoki kwa siku sita. Hata ulisugue kwa jiwe. Nikautazama mkono wa kushoto, kidole cha mwisho: ngozi safi, kama ya mtu ambaye hajawahi kukaa kwa Bi Mkasi.

Nikalifunika tangi, pembe zote nne. Nikakaa kando yake kumngoja Daktari, nikiwa nimekunja ngumi zote mbili, maua tisa yaliyobaki yamefichwa kwapani. Chini ya kanga palikuwa kimya. Nilipotega sikio vizuri, hapakuwa kimya kabisa.