Magunzi ya Koleta

Koleta alikuwa ameshafika kwenye habari ya ungo. Alisema ungo ule aliununua mwenyewe gulioni Kihurio kwa hela yake, na mtu akitaka kilichomo abishe hodi kama watu wanavyobisha, siyo kuzunguka nyuma ya jiko la mjane asubuhi na mapema kama anayevizia kuku. Dorkasi alisimama upande wake wa michongoma, mwiko mkononi, akisubiri jirani yake avute pumzi ili naye aseme lake. Koleta hakuvuta pumzi.

"Mama Rodgers, mimi sikunyimi magunzi. Nakataa kuingiliwa uani kwa ajili ya panya."

Hapo ndipo palipomuuma Dorkasi, maana ilikuwa kweli. Panya mwenyewe hakuwa hata wake. Alikuwa wa mjukuu wake Asteria, mtoto wa Rodgers, aliyeingia kidato cha kwanza shule ya bweni huko Mwanga. Bwenini panya hapokelewi, kwa hiyo Pamba, mweupe kama jina lake, alibaki Same kwenye sebule ya babu na bibi, ndani ya tundu lake pembeni ya televisheni, na kurasa mbili za daftari zenye masharti yake. Jumamosi Asteria alikuwa anakuja likizo fupi. Kila alipopewa simu ya matroni hakuuliza goti la bibi linaendeleaje, aliuliza Pamba. Na Dorkasi, kwa mdomo wake, alikuwa amemwahidi kwamba atamkuta mzima.

Masharti yenyewe yalimchosha kuyasoma tu. Pamba asipewe kitu chenye uzi, utamviringa mguu. Asipewe chenye rangi wala plastiki laini, atakitafuna kimdhuru. Gurudumu lake lisiwe na matundu, mkia utanasa. Awe na pa kupanda, pa kujificha na cha kutafuna, kwa sababu meno yake hayaachi kukua, na vitu vibadilishwe asije akachoka navyo. Hata chakula kifichwe, apate raha ya kukitafuta. Dorkasi alilea watoto wanne na hakuna aliyewahi kuogopa kwamba watachoka.

Mumewe Eliamini, bwana shamba mstaafu, alizipokea kurasa zile kama barua ya kuitwa kazini tena. Rafu ya jikoni aliyomwahidi mkewe tangu mwaka juzi ilikuwa bado ni mbao mbili zimeegemea ukuta. Juzi ikabaki moja, ya pili imekuwa ghorofa ya panya. Pamba alikuwa na kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango na kusuguliwa kingo, ngazi ya vijiti vya mpera, na gurudumu lililokuwa mfuniko wa sufuria ya Dorkasi. Bomba za kadibodi za karatasi za chooni zilitoka gesti ya karibu na stendi, na mwenye gesti alishaanza kuuliza watu nyumba ile ina tatizo gani la tumbo. Sylvester fundi seremala alileta mfuko mzima wa maranda, akarudishwa nao kwa sababu yalikuwa ya mti unaonukia, na harufu yake humdhuru panya. Salehe wa bodaboda alikuwa akikatisha safari abiria wake waje waone gurudumu likizunguka. Dorkasi alipenda nyumba iliyojaa watu, ila alipenda wawe wamekuja kwake.

Basi alimwambia Koleta asitafute ugomvi kwa magunzi matatu aliyochukua Eliamini. Panya atayatafuna siku mbili tatu, na yeye atarudishiwa kumi.

"Atayatafuna?" Koleta aliuliza.

Akavuta pumzi, kwa mara ya kwanza tangu jua lichomoze. Kumbe alidhani magunzi yamechukuliwa yawe vigoda vya panya. Kisha akasema polepole kwamba yale ya kwenye ungo ni ya mahindi ya Kihurio. Alichelewa kuyapukuchua, dumuzi wakaanza kuyatoboa, akayapiga dawa ya unga yakiwa bado kwenye magunzi. Alikuwa ameyatenga ili akayafukie.

"Na aliyenipimia dawa ni mumeo, siku hiyo akiwa amesimama hapo ulipo."

Walikimbia wote wawili. Dorkasi aliingia ndani, Koleta akaishia kizingitini, kanga ameishika juu ya magoti, maana yeye huogopa panya kuliko nyoka. Eliamini alipoambiwa alivua miwani, akaanza kueleza viwango vya dawa, kwamba kwa kilo mia mtu anachanganya gramu kadhaa, na ikishapita miezi fulani nguvu hupungua.

"Baba Rodgers," mkewe alisema, "mtoe huyo mnyama."

Pamba alikuwa amelala ndani ya kifuu, maana mchana ndio usiku wake. Alihamishiwa kwenye ndoo ndefu, ndoo mpya ya Dorkasi ya kuchotea maji. Magunzi yakapelekwa dirishani. Mawili yalikuwa mazima. La tatu lilikuwa limechakaa pembeni, Eliamini akasema ni jino, Dorkasi akasema ni kupukuchua, Koleta akadai apewe mlangoni alitazame, akaligeuza, akasema hajui.

Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri na kusafisha. Tundu lilioshwa kwa sabuni likaanikwa juani. Kifuu kikachemshwa. Ngazi, bomba na matandiko vikatupwa. Salehe alitumwa gesti tena, Sylvester akaja na msumeno kukata tawi jingine la mpera, na waliopita njiani walipoona watu wakaingia kuuliza nani kafariki. Dorkasi alijikuta anaongeza maji kwenye makande huku anasema peke yake kwamba nyumba yake sasa ina msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na mwenye shamba ni panya. Koleta alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akiamuru kupitia dirishani nani asugue wapi.

Saa nane Eliamini alitangaza kwamba Pamba ameamka, amekula mbegu ya alizeti na ananawa uso.

"Anasimama kwa miguu yote minne?" Koleta aliuliza kutoka nje.

Yote minne. Koleta aliinuka akaenda kwake bila kuaga. Aliporudi alikuwa na hindi moja jeusi kwa moshi, kutoka kwenye yale anayoyatundika juu ya meko kila mwaka. Akakaa, akaanza kulipukuchulia kwenye kanga.

"Mama Bahati, hiyo si mbegu?" Dorkasi alimuuliza.

"Mbegu nitaipanda hata bila gunzi. Hili halijaonja dawa. Lichemsheni, masizi yatoke." Hakuinua macho. "Sitaki mtoto afike Jumamosi aambiwe panya wake kafa kwa gunzi la Koleta. Nitahamia wapi mimi?"

Dorkasi alitaka kusema kitu kuhusu kuzunguka nyuma ya majiko ya watu, na kuhusu mumewe, na rafu. Ndani watu walikuwa wameshashika sahani. Aliibeba ndoo na Pamba ndani yake, akaipitisha katikati yao hadi chumbani kwake, akaiweka miguuni pa kitanda, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akarudi kizingitini, akamnyooshea jirani yake mkono amwinue.

"Nimemfungia. Ingia ule, makande yanapoa."