Mshahara wa Kwanza Hauvunjwi

Katika nyumba ya Gaston, kule Kikula, mshahara wa kwanza hauvunjwi. Ukiajiriwa, bahasha ya kwanza unaileta nyumbani jinsi ulivyoipokea, hujatoa humo hata pesa ya kipande cha sabuni, unapiga magoti na kuiweka mikononi mwa aliyekusomesha. Yeye ataiombea, atachukua kidogo au kingi kama moyo unavyomtuma, kisha atakurudishia kilichobaki pamoja na baraka zake. Baada ya hapo pesa zako ni zako. Wapo wanaoicheka desturi hii, hasa wale ambao hawajawahi kuajiriwa.

Carine, binti yake, aliijua sheria hiyo kabla hajajua kuandika jina lake. Na bado aliivunja, tena kwa ajili ya viatu.

Lakini tusimhukumu kabla hatujasikia deni lilivyokuwa. Carine alisomea uuzaji na masoko huko Lubumbashi, na masomo yale hayakulipwa kwa maombi, ingawa mama yake, Hortense, aliomba sana. Gaston alikuwa mchimbaji wa mawe ya shaba kwenye mashimo ya Kamatanda, mtu wa nyundo na gunia, na mtu wa namna hiyo hana akiba ya kulipa karo. Aliyekuwa na pesa ni Symphorien, mnunuzi wa mawe, mwenye mizani yake pembeni mwa mashimo. Symphorien alimkopesha Gaston karo mwaka baada ya mwaka, kwa sharti moja tu: kila gunia atakalolitoa shimoni auziwe yeye, kwa bei atakayoitaja yeye. Unaweza kukisia mwenyewe bei hiyo ilikuwa ya namna gani. Carine alipomaliza masomo, deni lilikuwa dola elfu tatu, na kifua cha Gaston kilikuwa kimeanza kupiga filimbi kila anapolala.

Siku Carine alipotetea kazi yake ya mwisho mbele ya maprofesa, ndugu walimmwagia pouda kichwani, kama tunavyomfanyia kila aliyefaulu, mpaka akafanana na mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Jioni, karamu ilipohamia nyumbani, Gaston alisimama na ndevu zake nyeupe kwa pouda ile ile, akainua mkono mbele ya pasta na majirani.

"Siku Carine ataniletea mushahara ya kwanza, minye natoka mu trou," alisema, yaani atatoka shimoni. "Sitashuka tena. Lakini mbele ya ile siku, nitashuka tu. Mungu anasikia, na benye munasikia."

Symphorien naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. "Sawa, Papa Gaston," akaitikia. "Mutoto akianza kulipwa, deni inakuwa yake. Atanilipa hata kidogo-kidogo. Weye unapumuzika."

Watu walipiga makofi, Hortense alilia, na neno likawa neno. Gaston hakuwa mtu wa kumeza alichokwisha kutema.

Carine alikaa mwaka mzima bila kazi. Mwishowe bohari moja ya vinywaji mjini ikamchukua awe muuzaji wa kuzungukia wateja, yaani commerciale. Nyumbani walifurahi, ingawa yeye, kwa tahadhari, aliwaambia kwamba angeanza na stage kwanza, kazi ya kujifunza, na kwamba hajui watamlipa lini. Hilo lilikuwa bado ni kweli.

Mwisho wa mwezi wakamlipa. Dola mia moja na ishirini.

Alienda nyuma ya bohari, kwenye makreti matupu, akafanya hesabu kama alivyofundishwa. Alichosomea ni kujua bidhaa imegharimu kiasi gani na sokoni itazaa kiasi gani. Basi akajipigia hesabu yeye mwenyewe, kama vile angekuwa katoni ya juisi: elfu tatu upande huu, mia na ishirini upande ule, toa nauli, toa chakula, toa mchango wa nyumbani. Alipofika mwisho aliona kwamba baba yake alinunua kwa hasara. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliwaza jinsi Symphorien atakavyocheka, na akina mama wa kanisani ambao Hortense amekwisha kuwatangazia kwamba binti yake "iko mu bureau", mtu wa ofisini. Mtu auze mapafu yake gunia kwa gunia, halafu umletee dola mia na ishirini kwenye bahasha ya kaki?

Asubuhi ile ile mkuu wa mauzo alikuwa amemwambia kwamba kwa sandali zile hamtumi kwa mteja yeyote. Kwa hiyo, njiani kurudi nyumbani, akaingia dukani akanunua viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi. Alijiambia kwamba anavunja kidogo tu. Lakini kilichovunjika kimevunjika, na alilijua hilo alipokuwa bado anahesabiwa chenji.

"Na vile biatu?" Gaston alimwuliza jioni.

"Ni ba patron ba kazi balinipatia, Papa. Juu ya stage. Bado habayaanza kunilipa."

"Ah. Ni bizuri," Gaston akasema, akaendelea kumega tonge la bukari yake.

Uongo una njaa, kila mwezi unataka kulishwa. Carine alikuwa na mpango, na ukimsikiliza aliyeupanga utauona mpango mzuri. Angeweka mshahara wake ndani ya kopo la maziwa, kwenye kabati lake la kazini, mwezi kwa mwezi, mpaka ufike dola elfu moja, uzito wa kumfaa baba yake. Halafu angeutia wote kwenye bahasha moja, apige magoti na kusema: huu hapa, ndio wa kwanza. Nani angejua? Baba yake angepokea kitu cha kumfanya ainue kichwa mbele ya Symphorien. Kwa ajili ya heshima ile Carine alijinyima hata chakula cha mchana. Kitu pekee ambacho hakukitia kwenye hesabu zake ni kwamba kila mwezi alioungoja, Gaston alikuwa anaulipia huko chini.

Gaston alikuwa akirudi na baiskeli yake, mwekundu wa udongo mpaka kwenye kope, akinawa nje kabla ya kuingia.

"Stage inaendelea?"

"Inaendelea, Papa."

Alikuwa na tabia ya kutazama chini anapojibiwa hivyo. Carine alidhani ni uchovu.

Mvua zilipoanza, miezi tisa baada ya mshahara ule wa kwanza, bohari ilipata kinywaji kipya, kile cha kutia nguvu, na mkuu wa mauzo akasema wachimbaji ndio watakaokinywa. Akamteua Carine kwa sababu anajua watu wa kule. Hivyo ndivyo Jumamosi moja alivyojikuta Kamatanda chini ya mwavuli wenye rangi za kampuni, beji kifuani, akigawa vionjo, hatua chache kutoka kwenye mizani ya Symphorien. Aliomba moyoni baba yake asipande mapema. Gaston akapanda, gunia begani, akikohoa.

Symphorien hakuhitaji kualikwa. "Eh, Papa Gaston! Angalia mutoto yako, commerciale muzima, na badge!" alisema kwa sauti ya mtu anayetaka wote wasikie. "Bale batu ya depot balipaka bizuri, kila mwezi. Sasa deni yangu, naiuliza nani? Weye ao yee?"

Wachimbaji wakageuka. Gaston akatua gunia polepole, akamtazama binti yake. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni akimngoja mwingine atangulie kupita. Kopo lilikuwa na dola mia saba na kitu. Carine alikuwa na neno lile kinywani kabisa. Lakini mia saba hazikuwa elfu moja, na mbele ya watu wote wale, na beji ile, akatazama chupa zake.

"Mutoto iko mu stage," Gaston akamjibu Symphorien. "Bado habayaanza kumulipa. Pima mawe yangu."

Mawe yakapimwa. Gaston akanywa maji, si kile kinywaji cha kutia nguvu, akashuka tena. Carine aliuza vizuri sana siku ile, na mkuu wa mauzo alimsifu.

Jumanne ukuta wa shimo, uliolowa kwa mvua, ulianguka. Vijana walikimbia. Gaston alikimbia pia, lakini kifua kile hakikuwa tena kifua cha kukimbia, na jiwe likamkuta mguuni. Walimleta hospitali akiwa amefungwa kwenye ubao wa mlango. Daktari alisema ataishi, ila mguu huo hautamshusha shimoni wala kumpandisha kwenye baiskeli. Symphorien alipiga simu kutoa pole na kukumbusha deni, vyote kwa vocha moja.

Carine alienda kazini akatoa kopo lake. Akanunua bahasha mpya, nyeupe, nzuri, akatia zote humo, akaifunga. Wodini alimkuta Hortense amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimpepea mumewe kwa kipande cha katoni. Akapiga magoti sakafuni, akanyoosha bahasha kwa mikono miwili.

"Papa, ni mushahara yangu ya kwanza."

Hortense akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Gaston hakuinua mkono.

"Ya kwanza niliiona zamani," alisema. "Niliiona mu miguu yako."

Hortense akashusha kile kipande cha katoni. Carine akatazama viatu vyake. Visigino vilikuwa vimekwisha kulika upande mmoja kwa kutembea kwa wateja.

"Patron gani anapatiaka mutu wa stage biatu?" Gaston akaendelea, bila kukaripia, na hilo ndilo lililomuumiza Carine zaidi. Afadhali angempiga.

"Sasa, Papa, juu ya nini haukuniuliza?" Machozi yalikuwa yamemfika. "Ile siku ku Kamatanda, ungeniuliza tu! Ningesema!"

"Habaiulizake, mama." Alimwita mama, kama alivyomwita tangu utotoni. "Mushahara ya kwanza, muzazi haiulizake. Banaileta. Minye nilikuwa nakungoya. Nilikuwa nashuka, napanda, nakungoya. Ungeleta hata dola kumi, ningetoka."

Carine alitaka kumweleza hesabu zake, ile elfu tatu na ile mia na ishirini, na aibu, na jinsi alivyotaka baba yake ainue kichwa. Aliona kwamba hakuna hata moja katika hizo iliyobaki na maana. Aliona pia kwamba kwa muda wote ule, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeona elimu yake ni hasara, na mtu huyo hakuwa Gaston. Alibaki magotini, mikono imenyooka, bahasha juu yake.

Muuguzi akapita, akauliza nani analipia operesheni ya mguu, kwa sababu bila risiti mgonjwa hatoki, hata akipona.

"Peleka kwa caisse," Gaston akasema, akageuza uso ukutani.

Carine akainuka, akaenda kupanga foleni. Kashia aliichana bahasha upande, akazihesabu noti, akapiga muhuri, akamwambia asogee, wengine wapite.