Kioo Kilichokaa Upande

Kazini walimwita Timazi, naye alijifanya hapendi. Ukweli ni kwamba jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ambayo mwashi huining'iniza apate kujua kama ukuta umesimama wima au umelala. Fundi huyu wa karakana ya chuo alikuwa na jicho la namna hiyo. Akiingia ofisini kwa mtu, kabla ya salamu kwisha alikuwa ameshanyoosha picha ukutani. Mkewe alishazoea kumkuta akizipanga ndala mlangoni, zote zikitazama upande mmoja. Kwa miaka ishirini na saba alichonga vyuma vya maabara zote za chuo, na hakuna aliyewahi kumrudishia kitu akasema kimekaa upande. Alikuwa na kiburi, tusifichane, ila kilikuwa kiburi cha mtu mwenye kazi ya kuonesha.

Juu ya karakana yake palikuwa na maabara ya leza, na humo alifanya utafiti binti wa dada yake mkubwa. Ulikuwa mwaka wake wa tatu. Leza yake ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, imetengenezwa kwa nusukipitishi, jamii ya vitu vilivyomo ndani ya kila simu. Ukiipitishia umeme, inatoa mwanga mwekundu, mwembamba, uliotulia. Kazi ya binti ilikuwa kuuchokoza mwanga huo. Aliurudisha kidogo kidogo ndani ya leza kwa kioo maalumu, kisha akaandika ni wapi leza inavumilia, wapi inaanza kuyumba kwa mpangilio, na wapi inapandwa na wazimu kabisa hata hesabu za kawaida zinashindwa kuifuata. Karatasi aliyochora mambo hayo aliiita ramani.

"Sasa wewe unasomea kuchokoza," Timazi alimtania siku ya kwanza. "Kwa hilo mama yako angekupa shahada tangu ukiwa na miaka minne."

Utani huo ulikwisha pale leza ilipokataa kutulia. Kwa miezi mitano iliyumba hata kabla hajaigusa, na mtu hawezi kupima namna kitu kinavyovurugika ikiwa kimeamka kimevurugika. Binti alibadilisha nyaya. Alibadilisha chombo cha umeme. Alichunga joto la leza mpaka likawa halisogei hata chembe. Alibadilisha leza yenyewe, na mpya nayo ikawa vile vile. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni vishikizo vya shaba vilivyobeba vioo mezani, kwa sababu vilichongwa na Timazi, na kazi ya Timazi haikaguliwi. Yeye mwenyewe alipanda mara mbili kumsaidia mpwa wake, na mara zote mbili alifanya lile alilolijua: alikaza kila skrubu, akapima kila kioo, akakinyoosha zaidi. Kila alipoondoka, leza ilichachamaa kuliko jana.

Profesa aliyemsimamia, mama mpole asiyependa maneno mengi, mwishowe alisema yake. Alhamisi wangekuja wakaguzi watatu wa utafiti. Leza ikiwa haijatulia kufikia siku hiyo, atawaambia aina hii ya leza haifai, na binti atapewa mada nyingine, aanze upya. Miaka mitatu ingekwenda na maji.

Jumatatu asubuhi binti alishuka karakana. Alikuwa na karatasi mkononi na macho ya mtu ambaye hakulala vizuri.

"Mjomba, shikamoo. Una rula ndefu?"

"Marahaba. Rula ninayo. Unapima nini?"

"Sijui. Nina namba tu."

Walipanda pamoja. Kwenye skrini alimwonesha mstari wenye vilima vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kana kwamba mtu alivichora kwa kurudufu. Akaeleza polepole. Kelele za leza, yaani kule kuyumba kwa mwanga wake, hazikuwa za ovyo. Zilikuwa na mapigo, mara milioni mia nne na sabini kila sekunde. Mapigo ya namna hiyo huja pale mwanga unapotoka, ukagonga kitu, ukarudi ndani ya leza ulikotoka. Hata sehemu moja katika elfu kumi ikirudi, inatosha. Leza inakuwa kama mtu anayehutubia huku kila neno lake linamrudia sikioni. Haifiki dakika atakuwa hajui asemalo.

"Na mapigo yanakuambia kitu hicho kiko umbali gani," alisema. "Nimepiga hesabu. Sentimita thelathini na mbili kutoka kwenye leza. Pima wewe mjomba, wewe ndiye mwenye jicho."

Timazi aliweka sifuri ya rula mdomoni mwa leza akaifuata njia ya mwanga. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini. Kwenye thelathini na mbili rula iligusa kishikizo chake cha shaba, kile kilichobeba kioo cheusi cha kupunguza mwanga usije ukaunguza kipokezi kinachoupima nyuma yake. Alikifahamu kishikizo hicho. Alikichonga kwa siku mbili, akakilaza mezani kwa pembe mraba isiyo na kasoro ya unywele. Na kwa kuwa kioo kilisimama sawasawa kabisa mbele ya mwanga, kila chembe kilichoikataa kiliirudisha kwa njia ile ile, moja kwa moja, hadi ndani ya leza. Fundi mzembe angekiweka upande bila kujua, na mwanga ungepotelea ukutani, na binti wa watu angekuwa ameshamaliza ramani yake.

Aliisoma rula mara ya pili. Nyani haoni kundule, ila siku akilazimishwa kulitazama huona aibu kama kiumbe mwingine yeyote.

"Ulikuwa unajua ni hiki," alisema bila kugeuka.

"Tangu jana, mjomba. Nilikosa mdomo wa kukwambia."

Alishuka ngazi peke yake. Karakana ilikuwa safi, tupa zimepangwa kwa urefu, na kwa mara ya kwanza mpangilio ule ulimuudhi. Akakaa kwenye stuli na kufikiri mambo ambayo si ya kujivunia. Angeweza kulegeza skrubu moja kimya kimya na kusema ilijilegeza yenyewe. Angeweza pia kunyamaza tu: Profesa ameshaamini kosa ni la leza, na leza haina ndugu wa kuitetea. Mpwa wake asingesema. Alimjua; angebeba miaka mitatu mabegani na bado angemwamkia kila asubuhi. Wazo hilo la mwisho lilimuuma mpaka akasimama.

Kulegeza skrubu ni kazi ya mtu anayejificha. Yeye alichukua kipande cha shaba na kuchonga kabari ya kukaa chini ya kishikizo, yenye mwinamo wa nyuzi mbili. Hapo ndipo alipojifunza jambo katika umri wake. Katika kunyoosha alikuwa na guni, kile kipimo cha pembe mraba, la kumwongoza na macho ya miaka ishirini na saba. Kupinda kwa kipimo hakukuwa na wa kumwongoza. Kabari ya kwanza ilitoka na nyuzi tatu, akaitupa. Ya pili aliiharibu kwa haraka. Ya tatu aliimaliza Jumatano mchana, akaipima mara nne, akaipandisha juu. Binti aliifunga, akawasha leza, wakatazama skrini. Vilima vilikuwa vimelala. Mstari ulikuwa bapa. Binti alikaa sakafuni akalia, na mjomba wake akajidai anatafuta spana.

Alhamisi wakaguzi waliingia. Mkubwa wao alikuwa mzee wa miwani minene, mtu wa kugusa kila kitu kwa macho. Aliizunguka meza, akainama, akakunja uso.

"Hiki kioo kimekaa upande," alisema. "Vingine vyote vimenyooka. Nani fundi wenu?"

Profesa alifungua kinywa kumtetea. Timazi alikuwa mlangoni na ovaroli yake, mahali ambapo mafundi husimama wageni wakija, na miguu ikamleta mezani yenyewe.

"Ni mimi, mzee. Kimepindwa nyuzi mbili kamili. Naomba dakika moja nikuoneshe."

Akafungua skrubu mbili, akaitoa kabari, akakirudisha kioo kwenye pembe mraba, palepale alipokuwa amekiweka zamani. Skrini ikachafuka. Vilima vikasimama, leza ikaanza kuhangaika mbele ya watu wote.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nimekiweka," alisema. "Miezi mitano. Kila walipolalamika nilikuja nikakinyoosha zaidi. Kosa halikuwa la leza, lilikuwa langu." Akairudisha kabari, akakaza, na mstari ukalala bapa. "Aliyeligundua ni huyu, mwanangu, binti wa dada yangu. Alisikiliza zile kelele akaniambia ni sentimita thelathini na mbili, kabla hatujagusa kitu chochote. Nilipopima, rula ikaishia kwenye kazi yangu."

Mzee wa miwani alikuwa ameshamgeukia binti.

"Ulipata umbali kwa mapigo peke yake?"

"Ndiyo."

"Nioneshe hesabu."

Akamwonesha. Wakaguzi wengine wawili wakavuta viti, Profesa naye akavuta chake, na vichwa vinne vikainama juu ya karatasi ya mtu mmoja. Binti alianza kwa sauti ndogo, kisha akasahau kuogopa. Aliwaonesha kipande cha ramani alichochora tangu jana alasiri, mahali leza inapovumilia, mahali inapoanza kupiga mapigo mawili badala ya moja, kisha manne, kisha ule upande ambao alikuwa bado hajauingia. Mzee aliweka kidole kwenye sehemu nyeupe ya karatasi.

"Na huku? Unahitaji muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Chukua mwaka mmoja," alisema mzee, akamtazama Profesa, na Profesa akaitikia kwa kichwa.

Waliendelea kuuliza na binti akaendelea kujibu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi aondoke wala abaki. Alisimama nyuma ya viti vyao, mikono ina grisi, hakuna hata mmoja anayemtazama, na akajiona mrefu kuliko siku yoyote aliyowahi kusifiwa.