Mheshimiwa Alivyochemsha Njiani Kwenda Dieng

Nilimwambia bosi wangu, Pak Darsono, hata kabla hatujatoka mjini Wonosobo kwamba lile bango lake la kampeni halifai kukaa mbele ya gari. Lilikuwa turubai lililopigiliwa misumari kwenye ubao, upana wa gari zima, nalo limefungwa kwa waya pale pale injini inapovutia hewa. Juu yake kulikuwa na uso wake, mkubwa kama sinia, na chini ya kidevu maneno haya: MAJI SAFI HADI MLANGONI. TUMALIZIE KAZI.

"Pak, gari litakosa hewa," nikasema. "Na huko tunakokwenda ni mlima mtupu."

"Kasdi, kazi yako ni usukani. Mambo ya uchaguzi niachie mimi."

Basi nikashika usukani. Miaka mitano alikuwa diwani, sasa aliitaka mingine mitano, na saa nne alitakiwa awe Dieng juu akiwahutubia wakulima wa viazi. Alikuwa amepakwa poda kwa ajili ya picha, na ili poda isichuruzike aliamuru kiyoyozi kifunguliwe mpaka mwisho. Nyuma yetu Bu Sulastri, mkewe, alijifunika shali mbili, anatetemeka.

Tulipomaliza kona ya tatu nikauona mshale wa joto unapanda.

"Pak, tuzime kiyoyozi."

"Hiyo geji ni mbovu."

"Jana ilikuwa nzima."

"Kasdi!"

Kona mbili mbele harufu ya kitu kitamu kilichoungua ikajaa ndani, moshi mweupe ukafumka kwenye boneti, gari likakohoa. Nikalisogeza kando, nikazima injini, nikavuta handbreki na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulikuwa kwenye kitongoji cha Siwadas, mbele ya kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akikaanga tempe, vile vipande vya soya.

Nilipofungua boneti, Pak Darsono alikuwa ameshafika, leso mkononi. Alitaka kufungua kifuniko cha rejeta.

"Usiguse, Pak! Tusubiri nusu saa, kipoe."

"Nusu saa? Watu wananingoja!"

Akagusa. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akiruka namna ile. Aliurusha mkono hewani, akautia kinywani, akazunguka gari zima akimtaja Mungu. Yule mama wa tempe akaweka mwiko chini ili acheke vizuri.

"Mas," akaniita mimi, yaani kaka, "huyo si ndiye aliye kwenye bango?"

"Ndiye, Bu."

"Kwenye bango amenenepa."

Jina lake Bu Tumirah. Nikamwomba maji ya kutia kwenye rejeta. Akajifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Maji si yale pale? Mwambie bosi wako akachote kwenye bomba lake."

Kweli, bomba lilikuwapo, limejengewa kwa vigae vya buluu, na kibao cha marumaru kikisema limezinduliwa na Mheshimiwa Darsono. Uso wake ukachangamka. Akavuka barabara akiwa amevimba kifua, akamwita mkewe ampige picha, akazungusha koki. Bomba likatoa sauti kama mzee anayesafisha koo. Akazungusha tena. Akatoka mjusi.

"Limeharibika lini?" akauliza.

"Halijaharibika," Bu Tumirah akamjibu. "Siku ya uzinduzi lilitoa maji vizuri sana. Yaliletwa na gari la tangi, mkapiga picha, tangi likaondoka."

Wakati huo wakulima sita au saba walikuwa wameshatoka mashambani kuja kuangalia, matope mpaka magotini. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza. Walimtazama tu kwa hamu, kama watu waliosubiri mwanasesere aanze kucheza.

"Sasa ninyi maji mnapata wapi?" akauliza taratibu.

"Chemchemi ipo chini kule bondeni," mzee mmoja akasema. "Madumu haya hapa."

Nilinyoosha mkono niyachukue. Bu Tumirah akanizuia.

"Wewe Mas, kaa na gari lako. Mwenye kuleta maji mlangoni yupo."

Pak Darsono alimtazama mkewe. Bu Sulastri alikuwa ameshaketi kwenye benchi, anapuliza kahawa. "Nenda, Pak," akasema. "Watu wanakungoja."

Akashuka. Alirudi baada ya dakika arobaini na madumu mawili, viatu vimejaa tope, poda imetengeneza mifereji usoni. Rejeta ilikuwa imepoa. Nikakifungua kifuniko kwa kitambaa, nikamimina kidogo kidogo, nikawasha injini, nikaongeza. Halafu nikachukua koleo kukata zile nyaya za bango. Safari hii alijifuta uso tu kwa leso.

"Hilo bango mnalitupa?" Bu Tumirah akauliza. "Banda langu la kuku linavuja."

Nikampa. Wanaume wawili wakalibeba, uso ukiangalia chini.

Tulipanda bila matata, kiyoyozi kimezimwa, madirisha wazi. Mashamba ya viazi yalipoanza kuonekana, Mheshimiwa akatengeneza kola yake.

"Umeona, Kasdi, wanavyonipenda? Wamekataa kuachana na picha yangu."

Nikadhani anatania. Nikamtupia jicho pembeni, hakuwa anatania. Dakika ishirini baadaye alisimama jukwaani, akaonyesha matope kwenye viatu vyake, akawaambia watu kwamba ametoka kuteka maji kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya wananchi wa Siwadas. Walipiga makofi. Bu Sulastri peke yake ndiye aliyeinama kutafuta kitu kwenye mkoba, na alikitafuta mpaka hotuba ikaisha.

Siwadas alipata kura nne. Kwingine zilimtosha kurudi kwenye kiti. Kuapishwa kwake nilikusikia redioni, nikiwa kwenye lori la viazi nililoajiriwa kuendesha baada ya kumwacha. Viazi havinifundishi kazi.