Benchi la Shilingi Mbili

Mpaka leo sijui ni nani aliyemwambia Bwana Telesphori kwamba barabara inaweza kuwekewa kiingilio. Mpira una uwanja. Ngoma ina duara lake. Hata sinema ya serikali ina shuka jeupe, na watu hukaa upande mmoja. Barabara ya kutoka Kahama kwenda Biharamulo haina mlango. Inapita tu hapa Ushirombo pamoja na ng'ombe, malori ya pamba na wanafunzi wangu wachelewaji, na hakuna aliyewahi kulipa ili aitazame.

Lakini mwaka ule wa 1973 Bwana Telesphori alikuwa katibu wa kamati ya michezo, na ukiuliza kamati ni akina nani, ulimkuta yeye. Alikuwa amesikia kwamba kiwanda fulani cha kuchambua pamba kina timu ya waendesha baiskeli wa kulipwa: mshahara kila mwezi, baiskeli nyepesi, na kazi yao ni kushindana tu. Akawaandikia barua. Wakajibu kwamba watamtuma mtu wao, Bwana Donatus, aje kutazama mashindano yetu, na atakayefika wa kwanza watamwajiri. Wa kwanza peke yake.

Maneno hayo kaka yangu Nkwabi alitembea nayo miezi miwili. Nkwabi alikuwa akichukua samaki wa kukaushwa Chato na kuwaleta Ushirombo, safari mbili kwa wiki, tenga moja kila upande wa baiskeli. Samaki hao ndio walioninunulia sanduku la bati na viatu nilipokwenda chuo cha ualimu. Sasa mimi nilikuwa mwalimu, na yeye, akiwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa akishuka kitandani kwa kushika ukuta kwa sababu ya magoti.

"Apolonia," aliniambia, "nikiipata kazi hii nitaendesha baiskeli isiyonuka. Hata inzi watanisahau."

Ndiyo maana nilikubali Bwana Telesphori aliponijia shuleni.

"Wewe mwalimu utauza tiketi," alisema. "Una mwandiko mzuri, na huna maneno mengi."

Kutokuwa na maneno mengi ni sifa nzuri kanisani. Mtu anayeuza tiketi za kutazama barabara anahitaji maneno kuliko tiketi. Kwa bahati mbaya sikuwa na maneno ya kumwambia hata hilo.

Jumapili, watu walipotoka misani, Bwana Telesphori alikuwa ameshafunga kamba ya katani juu ya vigingi, pande zote mbili za barabara, kutoka kona ya misheni hadi sokoni. Upande wa kulia aliweka madawati ya darasa langu na kuyaita viti vya mbele, shilingi mbili. Kusimama nyuma ya madawati, thumuni. Upande wa kushoto alisema ni wa bure kwa wasiojiweza, na mara moja Ushirombo nzima ikawa haijiwezi.

Kamba ilipoishia, watu walisimama bila kulipa na kuona zaidi. Wengine walipanda lori bovu la mfanyabiashara mmoja. Mtu mmoja alipanda kichuguu kando ya shule, akaona barabara yote mpaka inakozama, na akawa anawatangazia waliolipa mambo ambayo wao hawayaoni.

"Tiketi, baba," nilimwambia mzee mmoja aliyekuwa akipita katikati ya barabara na mbuzi wake. Nadhani sauti yangu haikufika hata kwa mbuzi. Nikarudia.

"Mimi ninakwenda kwa dada yangu," alijibu. "Kumtembelea dada kumekuwa kwa tiketi?"

"Hapana, baba. Pita."

Wakapita na wengine kumi nyuma yake, wote wakienda kwa dada zao. Bwana Telesphori alinitazama kana kwamba nimezibeba pesa zake na kuzitupa mtoni.

Hapo ndipo akaja Mama Febronia.

Febronia ni mke wa kaka yangu. Mama yake anaishi mbali kidogo, ng'ambo ya bonde, na kwa mguu ni mwendo wa saa mbili. Alikuja amevaa kanga mpya na kushika shilingi mbili mkononi, zimelowa jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeuza jogoo. Wanasema anayelipa mbili anakaa. Katika maisha yangu nimesimama kwenye ngoma, nimesimama kwenye mikutano, nimesimama kwenye mstari wa kupima pamba. Leo nataka kukaa."

Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani, huiacha njia. Akiwa juu ya baiskeli, hushuka, huiingiza porini, humzunguka mbali, na kurudi barabarani akiwa ameshampita. Miaka sita Nkwabi alifanya hivyo hata akiwa na matenga mawili ya samaki, hata mvua ikinyesha. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ningeweza kumwambia Mama Febronia kwamba madawati yamejaa. Ningeweza kumwambia kwamba kivuli kiko nyuma. Lakini alikuwa amenyoosha mkono wenye zile shilingi mbili, anatabasamu, na ametembea saa mbili. Nilimpa tiketi. Akachagua dawati la mwisho kabisa, lililo mkabala na mstari wa kumalizia, akakaa, akaweka miguu sawasawa.

Washindani walikuwa ishirini. Walitakiwa waende upande wa Runzewe, warudi, wapite mbele yetu, kisha waelekee upande wa Kahama hadi darajani na kurudi kumalizia kwenye mstari uleule. Waliolipa waliwaona wakiondoka, kisha wakatazama barabara tupu kwa muda mrefu kuliko misa.

"Ndiyo hii tu?" mtu mmoja aliuliza. "Tumelipia vumbi, na lenyewe limeshatua."

"Watarudi," alisema Bwana Telesphori.

"Hata jua litarudi kesho, wala halitozi kitu."

Hatimaye yule wa kwenye kichuguu akapaza sauti: "Vumbi! Mmoja yuko mbele peke yake! Anaendesha kama anafukuzwa na nyuki!"

Alikuwa Nkwabi. Alitokea kwenye kona ya misheni, mgongo umelala, na nyuma yake palikuwa patupu kabisa. Nilisimama. Bwana Donatus, aliyekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, alitoa kalamu mfukoni. Kisha Nkwabi akainua uso, akaona madawati, akamwona aliyekaa kwenye dawati la mwisho.

Alifunga breki. Akashuka. Akainua kamba, akapita chini yake na baiskeli begani, akaingia kwenye shamba la karanga la misheni na kuanza kuzunguka nyuma ya shule yetu.

"Anakwenda wapi?" aliuliza Bwana Donatus.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kila mtu alijua, na kila mtu aliona amefanya vyema. Wazee wawili walitikisa vichwa kwa kuridhika. "Kijana ana adabu," mmoja alisema. Wakati huo watu sita walikuwa wakipita barabarani kwa kasi, wa kwanza wao Masele, kijana wa Nyahanga mwenye miguu mirefu kama korongo. Adabu ya kaka yangu ilitokea upande wa pili wa shule ikiwa ya saba.

Nilikwenda kwa Bwana Telesphori nikamweleza kwamba mama mkwe akibaki pale, kaka yangu atazunguka tena wakati wa kumalizia.

"Mhamishe," alisema.

"Amelipa shilingi mbili."

"Basi usimhamishe."

"Ukimrudishia—"

"Mwalimu, pesa ya kiingilio inaingia. Ingekuwa ya kutoka tungeiita kitoko."

Nikaenda kwa Mama Febronia. Nilichuchumaa mbele yake, nikamweleza yote kwa Kisukuma: habari ya kiwanda, ya magoti, ya wa kwanza peke yake. Nilimwambia nitamrudishia shilingi mbili kutoka mfukoni mwangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi nimekaa. Anayepita ndiye anayepisha. Tangu lini mama mkwe akampisha mkwe?"

"Ni kweli, mama."

"Na nimelipa."

"Ni kweli."

"Nikihamia kule nyuma watu watasema yule mama hakulipa, ameondolewa. Tiketi yangu ninayo hii hapa."

Kila alilosema lilikuwa sahihi. Kaka yangu alikuwa sahihi. Wazee walikuwa sahihi. Hata Bwana Telesphori alikuwa na haki yake ndogo yenye kuudhi. Nilikaa pale chini nikaanza kulia kimyakimya, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya mbele ya wazazi wa wanafunzi.

Mama Febronia akauliza: "Magoti yake yanauma kweli?"

"Asubuhi hushika ukuta."

Akaifungua ile kanga mpya kutoka mabegani. "Yule mtu wa kwenye kichuguu akisema vumbi, nitajifunika kichwa chote. Asiyeonekana hapishwi. Lakini nani atamwambia Nkwabi?"

"Mimi," nilisema, kabla sijafikiri.

Niliacha meza, tiketi na kopo la pesa, nikaenda upande wa Kahama mpaka mahali ambapo kamba iliishia, sokoni, nikasimama kando ya barabara peke yangu. Huko nyuma, mara tu nilipoondoka, watu waliingia chini ya kamba kama maji. Bwana Telesphori aliwakimbilia, akawasukuma wote upande wa kushoto, kwenye bure. Huko walibanana, wakaegemea kamba, vigingi vikalegea, kamba ikatokeza barabarani. Niliiona kwa mbali. Sikuifikiria. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya kupaza sauti.

"Vumbi!" alitangaza yule wa kwenye kichuguu. "Wawili! Wako sawa! Hapana, mmoja anamwacha mwenzake!"

Nkwabi alikuwa mbele. Namna alivyowafikia wale sita sijui, ila najua mtu aliyezoea kupanda vilima na matenga mawili huona barabara tupu kuwa mteremko. Masele alikuwa nyuma yake kama urefu wa nyumba. Nikaona kaka yangu ameanza kutazama pembeni, akitafuta pa kuingilia shambani.

"Pita, kaka!" nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena. "Amejifunika! Pita!"

Alinisikia. Hakushuka. Nilimkimbilia nyuma, na niliona kweli, kwenye dawati la mwisho kulikuwa na kanga tu, nyekundu na nyeupe, imekaa wima.

Lakini heshima haiishi kwa sababu ya kitambaa. Nkwabi alipoikaribia ile kanga aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa usukani, akaivuta baiskeli upande wa kushoto, mbali na mama mkwe wake kadiri alivyoweza. Na upande wa kushoto ndiko kulikokuwa na wasiojiweza wote wa Ushirombo na kamba yao.

Kamba ilimkamata kifuani. Yeye alibaki. Baiskeli iliendelea peke yake, ikanyooka, ikavuka mstari, ikaanguka mbele ya kiti cha Bwana Donatus. Kisha Masele akapita.

Kelele ilikuwa kubwa mno. Mama Febronia alifikiri mkwe wake ameshapita, naye akafunua kanga. Nkwabi alikuwa ameketi barabarani, hatua tatu mbele yake, akimtazama, na kaptura imechanika kutoka kiunoni hadi gotini.

Kaka yangu aliinuka na kukimbilia kwenye karanga. Mama Febronia akajifunika tena.

"Baiskeli imefika ya kwanza," Bwana Telesphori alimwambia Bwana Donatus. "Hilo wote tumeliona."

"Sawa," alisema Bwana Donatus, akifunga kalamu. "Tutaiajiri baiskeli."

Masele akapewa mkono na karatasi ya kutia sahihi.

Niliporudi kwenye dawati, sauti ilitoka ndani ya kanga. "Ameumia?"

"Kidogo, mama. Kiwiko."

"Kazi?"

"Amepata yule mwingine."

"Ni mimi."

"Ni kamba, mama."

"Kamba ilifungwa kwa ajili ya sisi tuliolipa," alisema. Alikaa amejifunika mpaka watu wote walipoondoka, ndipo nikamsindikiza hadi bondeni. Tiketi ilikuwa bado mkononi mwake.

Jumanne Nkwabi alikwenda Chato kuchukua samaki. Kabla ya hapo ilimbidi apeleke kondoo ukweni, faini ya kuonwa na mama mkwe katika ile kaptura iliyochanika, na bei ya kondoo ni faida ya safari tatu za Chato. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa nini sikusema madawati yamejaa, nikamwambia sikujua namna ya kulisema. "Ungesema hivyohivyo," alijibu, akafunga matenga.

Bwana Telesphori alihesabu hayo mashindano kuwa mafanikio. Wiki nzima watu walimwendea kuulizia benchi lile la Mama Febronia kwa mwaka unaofuata, endapo ajali itarudiwa. Alinijia darasani, mbele ya wanafunzi, kunieleza kwamba atalipandisha liwe shilingi tatu.

Siku ya soko nilimkuta Mama Febronia akiuza karanga. Alinisalimu, akanifungia kipimo kimoja bila kukubali pesa, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwambie mkwe wangu ajaribu tena," alisema. "Mwakani nitalipa, halafu nibaki nyumbani."

Nilimpelekea Nkwabi ujumbe huo, akacheka mpaka akashika magoti. Nikafanya kosa la kumsimulia na Bwana Telesphori. Yeye hakucheka. Alisema watazamaji wa namna hiyo ndio hasa anaowatafuta, kwa sababu hawahitaji hata dawati.